Jiko Linalochagua Sufuria

Katika lugha yetu, mwanamume akioa husemwa amepata jiko. Mimi nilipata jiko mwaka 1980, mwaka mmoja baada ya vita vya Kagera kwisha, wakati sukari ilikuwa ya kupimiana kwa vikombe na kipande cha sabuni kilikuwa zawadi ya maana. Wazee walinipongeza kwa maneno hayo hayo, nami nikacheka pamoja nao. Haikunipitikia siku ile, wala miaka mingi iliyofuata, kujiuliza swali dogo tu: huyo ninayeambiwa kuwa ni jiko langu, yeye mwenyewe atapikia jiko gani?

Swali hilo limenijia uzeeni. Mwaka 2024 mke wangu alikohoa tangu mfungo wa Ramadhani hadi masika yalipokwisha. Tulikwenda hospitali. Daktari akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akampuliziza katika kifaa cha kupimia pumzi, kisha akamwuliza amepikia nini maisha yake yote. "Kuni, baadaye mkaa," akajibu. Daktari hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi, akasema kwa heshima, "Mzee, moshi huo sasa uishe."

Binti yetu aliyeko Dar es Salaam alipopata habari alituma fedha na agizo: nunueni jiko la umeme, tena lile la kisasa la induksheni. Jina hilo nilikuwa silijui. Nimesomesha historia kwa miaka thelathini na mitano katika shule za mkoa wa Tanga, na mtu wa historia akitumwa dukani hawezi kununua kitu mpaka ajue kimetoka wapi. Nikachukua daftari, nikaanza kuandika tarehe. Ndugu msomaji, nilidhani ninaandika habari za kifaa. Kumbe nilikuwa ninaandika habari za nyumba yangu.

Nianze na mafiga. Figa moja haliinjiki chungu, walisema wahenga, na methali hiyo tunaitumia kuhimiza umoja hadi tunasahau kwamba kwanza ni habari ya upishi. Mawe matatu hushika chungu chenye kitako cha mviringo, kikatulia hata kama ardhi si sawa. Kitako hicho cha mviringo si pambo. Mfinyanzi alikifanya hivyo kwa sababu moto ulikuwa chini katikati, na ndimi zake zilipaswa kukumbatia chungu pande zote. Kwa hiyo tangu mwanzo moto ndio uliokifundisha chungu umbo lake. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Jiko la bati la mkaa, lile lililo wazi, inaelezwa kwamba lilienea katika nchi zetu pamoja na mafundi na vibarua wa Kihindi waliokuja kujenga reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwa Viktoria mwaka 1901. Juu ya jiko hilo chungu cha mviringo huyumba. Kinachokaa vizuri ni sufuria yenye kitako bapa. Na tazama jina lenyewe: sufuria imetokana na sufuri, yaani shaba. Sufuria za kwanza za pwani zilikuwa za shaba, zikipakwa bati ndani ili chakula kisichachuke. Baadaye ikaja alumini, nyepesi na rahisi, ikachukua nafasi ya shaba na kuliacha jina lake palepale. Mpaka leo tunasema sufuria, na shaba haimo. Moto ulibadilika, na chombo kikaufuata.

Tulipooana nilipangiwa kazi katika shule za vijijini huko Handeni, na tulikaa huko hadi mwaka 1993. Miaka yote hiyo alipikia kuni. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 ilikuwa imewakusanya watu pamoja, wakapata shule na zahanati, jambo ambalo nililisifu darasani na ningali nalisifu. Lakini watu wengi wakikaa pamoja, kuni za karibu huisha upesi. Kila mwaka akina mama walitembea mbali zaidi kidogo. Hilo sikulisomesha, kwa sababu halikuwamo katika muhtasari, nami niliporudi kutoka shuleni chakula nilikikuta tayari.

Mafuta ya taa yangaliweza kutusaidia. Jiko la mafuta la pampu lilibuniwa Sweden mwaka 1892, nasi tulikuwa nalo moja, zawadi ya shemeji. Lakini bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979, na baada ya vita nchi yetu haikuwa na fedha za kigeni. Mafuta ya taa yakawa ya foleni. Kidogo tulichopata kilikwenda kwenye taa, ili mimi nisahihishe madaftari usiku. Sikuona ubaya wowote. Nani angesema kwamba mwalimu asisahihishe? Ila leo ninapoyaandika haya naona wazi kwamba palikuwa na hukumu iliyotolewa nyumbani mwangu: mafuta ni ya kazi ya baba, na kuni ni za kazi ya mama. Wala hatukuketi kuijadili.

Upungufu huo wa mafuta ndio uliowafanya wakubwa walikumbuke jiko. Mwezi Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano Nairobi juu ya nishati mpya na nishati jadidifu. Katika miaka iliyofuata mafundi wa Kenya walitengeneza jiko la bati lenye udongo wa kuchoma ndani, kiuno chembamba kama ngoma, wakichukua mfano kutoka majiko ya Thailand. Udongo hutunza joto, na mkaa haulii haraka. Majiko ya namna hiyo yakavuka mpaka, nasi tulipohamia Tanga mjini tulinunua moja. Mgala muuwe na haki umpe: jiko lile lilipunguza gharama. Lakini lilitengenezwa kwanza kwa ajili ya kuokoa miti na mkaa. Pumzi ya mpishi ilikuja nyuma. Mkaa ukishika vizuri hauonyeshi moshi, nasi tukadhani umekuwa salama, kumbe unatoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na wakati wa kuuwasha hutoa moshi kama kuni nyingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020 peke yake.

Hapa ndipo nilipogeukia umeme, na hapa ndipo tarehe zilipoanza kuniumiza.

Umeme wa kwanza wa huduma ya mji katika Tanganyika uliwashwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1908. Ulihudumia karakana za reli na sehemu ya mji waliyokaa wao. Katika miaka ya 1930 maporomoko ya mto Pangani yalifungwa mitambo, na umeme ukaja mji wa Tanga na katika mashamba ya mkonge. Mwaka 1964 ukaanza kituo cha Hale, megawati 21. Mwaka 1995 kikaja kituo kipya cha Pangani, megawati 68. Yote haya yako katika mkoa wetu. Nimewapeleka wanafunzi Hale, wakayaona maji na kuandika tarehe. Njiani tulipishana na wanawake wenye mizigo ya kuni kichwani, wakipita chini ya nyaya zile zile. Sikumwambia mwanafunzi hata mmoja atazame juu, kisha atazame chini.

Na elimu ya jiko lenyewe ni ya zamani kuliko hapo. Mwaka 1831, London, Michael Faraday alizungusha nyaya mbili kwenye pete ya chuma. Alipoupitisha umeme katika waya mmoja, ule wa pili ulishtuka ingawa haukugusana na wenzake. Sumaku inayobadilika huzaa mkondo wa umeme pembeni yake. Mwaka 1855 Mfaransa Léon Foucault alionyesha kwamba sahani ya shaba ikizungushwa katikati ya sumaku kali hupata joto, kwa kuwa mikondo midogo huzunguka ndani ya madini yenyewe. Hiyo ndiyo induksheni, na jiko hili halina siri nyingine. Chini ya kioo chake pamelazwa waya wa shaba uliosokotwa kama jamvi la mviringo. Umeme wetu wa nyumbani hugeuka mara 50 kwa sekunde, jiko huugeuza mara elfu ishirini na zaidi. Ukiweka juu yake sufuria ya chuma, mikondo huzuka katika kitako cha sufuria. Chuma hubishana na mkondo, na ubishi huo ndio moto. Kioo hakichomi chakula. Sufuria hujichoma yenyewe.

Kati ya elimu na jiko ulipita muda mrefu, kwa sababu kuugeuza umeme upesi namna ile kulihitaji vifaa vya elektroniki ambavyo havikuwapo. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Frigidaire ya Marekani ilizunguka ikionyesha maajabu: maji yanachemka, na kati ya jiko na sufuria pana gazeti ambalo haliungui. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Westinghouse wakaanza kuuza majiko ya namna hiyo kwa matajiri wachache. Mke wangu wakati huo alikuwa msichana mdogo, akijifunza kupuliza kuni.

Basi nikaenda dukani, daftari mfukoni. Kijana wa duka alinipa shikamoo, akanionyesha majiko mawili ya kioo cheusi yaliyofanana kama pacha. "Yote ni ya kisasa, mzee. Tofauti ni bei." Haikuwa hivyo. Moja lilikuwa la waya unaowaka mwekundu chini ya kioo, ambao huchoma kioo kwanza, na kioo ndicho kichome sufuria. Hilo hupokea sufuria yoyote yenye kitako bapa, ila kioo hubaki moto muda mrefu na joto jingi hupotea pembeni. La pili ndilo la induksheni. Kijana alipoweka juu yake sufuria ya alumini, lilipiga mlio, likaandika alama ya kosa na kukataa. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Hilo bovu." Wala halikuwa bovu. Alumini huupitisha umeme kwa urahisi mno, na sumaku haina habari nayo. Hapana ubishi, hapana moto.

Nilirudi nyumbani bila kununua. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kibao uani, anapepea mkaa. Nikamweleza.

"Yaani hilo jiko linachagua sufuria?"

"Linachagua."

"Lete sumaku tujue limenichagulia zipi."

Nikavunja spika ya redio mbovu, nikatoa sumaku. Tukatandika mkeka na kuvipanga vyombo vyake vyote, kumi na saba. Akapitisha sumaku mwenyewe, polepole, kama mtu anayeita majina darasani. Sufuria za alumini, tisa, haikunasa hata moja. Ile ya shaba ya marehemu mama yake, haikunasa. Vyungu viwili, haikunasa. Sufuria mbili zinazong'aa za chuma kisichoshika kutu, moja ilinasa na nyingine haikunasa, ingawa kwa macho zilikuwa ndugu. Birika la enameli lilinasa, maana enameli ni ngozi tu, ndani yake ni chuma. Chuma cha kuchomea chapati kilinasa kwa nguvu mpaka akacheka, lakini kikaango chepesi kando yake kilikuwa alumini. Vitatu katika kumi na saba.

Nilimwona akiishika ile ya shaba muda mrefu. Nikasema kwa haraka, "Basi tuchukue lile jingine, linalopokea zote." Nilidhani namtendea wema.

Hakunijibu. Akaniomba daftari. Ameishia darasa la saba, lakini husoma vizuri. Akapitisha kidole kwenye safu ya tarehe: 1831, 1855, 1892, 1901, 1908, 1964, 1981, 1995. Kisha akauliza, bila ukali wowote, "Mwalimu, na mimi niko wapi humu?"

Nilitazama. Hakuwamo. Palikuwa na Wajerumani, Waingereza, Mfaransa, mafundi wa reli, mpaka maji ya Pangani. Mtu aliyepika hakuwamo. Usiku ule nilipiga hesabu. Saa tatu kwa siku, mara siku 365, mara miaka 44: saa elfu arobaini na nane na ushei. Ukizipanga mfululizo, usiku na mchana, ni miaka mitano na nusu ya kukaa katika moshi. Hakuna mfalme niliyemsomesha aliyekaa miaka mitano na nusu katika moshi kwa ajili ya watu wake.

Na hapo nikaelewa kwa nini safari kutoka 1908 hadi uani kwangu imekuwa ndefu hivyo. Visingizio vya haki vipo. Majiko ya umeme ya zamani ya koili yalikula umeme sana. Mgawo wa umeme wa miaka ya 1990, na ule wa 2006, ulitufundisha kutouamini. Mita za LUKU nazo zilitufanya tuhesabu kila yuniti. Lakini umeme huo huo mchache tuliupa redio, tukaupa pasi, tukaupa televisheni na friji. Jiko liliwekwa mwisho wa foleni kwa sababu waliopanga foleni hawakuwa wakipika. Mmoja wao ni mimi.

Asubuhi alitoa uamuzi wake. Tutanunua la induksheni, pamoja na sufuria mbili za chuma, moja ya wali na moja ya mchuzi. Sababu zake zilikuwa tatu, na sikuziona katika kitabu chochote. Kwanza, kioo chake hakichomi kama kile kingine, na mjukuu wetu hushika kila kitu. Hapo niliongeza kwamba hupata joto la sufuria, hivyo asiguse mara moja. Pili, ukiondoa sufuria jiko hujizima, naye siku hizi husahau. Tatu, alisema, "Sufuria zimenitumikia, nami nimezitumikia. Kifua changu hakiuzwi dukani."

Fundi umeme akaja kwanza kukagua nyaya, na hili nawasihi wenzangu msiliruke. Jiko letu ni la wati 2,000. Soketi ya ampea 13 kwa volti 230 hubeba karibu wati 3,000, kwa hiyo huliweza jiko peke yake, si jiko na pasi kwa pamoja, wala si kwa waya mwembamba wa kurefushia. Siku ya kwanza tulichemsha lita moja ya maji kwa dakika tatu na nukta. Kwa hesabu yangu, yuniti moja ya umeme huchemsha kama lita tisa. Alipoona maji yanatokota na hapana kitu kinachowaka, alisema, "Astaghfirullah," akavuta kiti, akakaa kuyatazama.

Nisidanganye kwamba yote yamekwisha. Umeme hukatika, ingawa bwawa la Julius Nyerere limeanza kuzalisha tangu mwaka 2024, mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Jiko la mkaa tunalo bado. Wali wa nazi wa sikukuu huupika kwa mkaa, nje chini ya mwembe, kwa kuwa wali ule hutaka kupaliwa makaa juu ya mfuniko, na jiko la kioo halina moto wa juu. Ile sufuria ya shaba hutoka siku hiyo. Kikohozi kimepungua, hakijaisha. Daktari alituambia wazi kwamba mapafu yaliyoumia hayarudi yote. Nilinunua jiko zuri, na nililinunua nikiwa nimechelewa.

Mwezi Mei 2024, wakati mke wangu alipokuwa bado anakohoa, Tanzania ilizindua mkakati wa miaka kumi wa kuwafikisha watu asilimia 80 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema, na ninaomba litimie. Lakini serikali haitaingia uani mwako kukuuliza mafuta ya taa yanakwenda wapi, wala nani anapepea. Hilo ni lako. Ewe uliyepata jiko, chukua sumaku ya spika mbovu, ingia jikoni, keti chini kwenye kibao chake, na umwombe akuonyeshe vyombo vyake kimoja kimoja. Usimchagulie.

Daftari langu ningali nalo. Kati ya 1964 na 1981 nimeongeza mstari mmoja kwa kalamu nyekundu, kalamu yangu ya kusahihishia: 1980, alianza kupika.